Nilimwandika "hana kazi"

Mwaka 2008 nilirudi Amu, ndiyo Lamu, kutoka Mombasa na cheti cha kompyuta ambacho hakikunipatia hata kibarua cha kupiga chapa barua za chifu. Nilikuwa na miaka 23. Siku moja jirani yetu wa mtaani kwetu Langoni akaja na habari: kuna Wazungu wawili, mwanamke na mwanamume, wanatafuta msichana wa hapa anayejua Kiingereza, asiyeona haya kuingia nyumba za watu, na ambaye wazee watamfungulia mlango kwa kuwa wamjua ni mtoto wa nani. Nilikubali hata kabla hajataja malipo.

Shirika lao lilitoka Ulaya. Lilitaka kujua hali ya wanawake wa visiwani kabla ya kuleta mradi. Nilipewa fomu za kurasa 11, kalamu tatu na fulana yenye nembo. Fulana ndani ya buibui haionekani, kwa hivyo mama aliikata ikawa matambara ya kupangusia taa.

Niliajiriwa kutafsiri, na niliiona kazi rahisi. Wao waulize, mimi nigeuze; mama ajibu, mimi nigeuze tena na niandike. Imenichukua miaka kukubali kwamba kati ya watu wote waliokaa kwenye mikeka ile, mwenye makosa makubwa nilikuwa mimi, maana ndiye peke yangu niliyezijua lugha zote mbili.

Swali la tisa lilikuwa "Kazi ya mhojiwa".

Tulianzia Matondoni, upande wa pili wa kisiwa. Wanaume wa Matondoni wanasifika kwa kuunda majahazi na mashua, wanawake kwa mikeka. Watalii hupelekwa kutazama majahazi. Mama wa kwanza tuliyemhoji alikuwa amekaa ukumbini kwake juu ya mkeka wa rangi tatu, miguu kainyoosha, anasuka ukili. Kwa asiyejua: mkeka wetu haufumwi kama kitambaa. Miyaa, yaani majani ya mkoma, huanikwa juani yakakauka, yakachanwa membamba, mengine yakachemshwa na rangi, kisha husukwa ukanda mrefu wa upana wa vidole vichache. Huo ndio ukili. Ukishapata pima za kutosha ndipo unaanza kushona, ukanda ubavuni mwa ukanda, mpaka mkeka utimie. Na pima ni mikono yako mwenyewe ukiinyoosha, kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile. Ukili wa mama huyu ulikuwa umejiviringa karibu na goti lake kama nyoka aliyeshiba. Kila mwaa ulipokaribia kwisha aliingiza mwingine bila kutazama chini. Alikuwa akitutazama sisi.

"Mama, wafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Kazi?" Akacheka kidogo. "Mimi sina kazi, mwanangu. Niko tu."

Nikaandika: hana kazi.

Mwanamke yeyote wa pwani anaijua hiyo "niko tu". Nimeisikia kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza, na nimeisikia kwa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wetu. Neno kazi lilishachukuliwa zamani. Kazi ni ya ofisini, ya serikali, ya kule bandarini Mombasa, ile inayoisha na mshahara mwisho wa mwezi. Zilizobaki hazina jina, ni kuwako tu. Mimi nililijua hilo kama nilivyojua njia ya nyumbani kwetu. Na alikuwa ameshanieleza, wakati Wazungu wanavua viatu mlangoni, kwamba ukili ule ni wa mkeka wa harusi ya mjini, ameshapewa nusu ya pesa, na asipoumaliza kabla ya Ijumaa ataona aibu. Ningeweza kuandika: fundi mkeka, ana oda. Lakini swali lilikuwa limeulizwa na jibu limetolewa, nami niliona uaminifu wa mkalimani ni kugeuza neno kwa neno.

Mwanamke wa Kizungu alipoliona jibu langu aliinamisha kichwa kwa huruma. Akaomba ruhusa ya kupiga picha, akakubaliwa. Tulipoinuka kuondoka ukili ulikuwa umeongezeka karibu pima nzima tangu tulipoketi.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Karatasi hii yaenda wapi?"

Nikamwambia, Ulaya.

"Ifike salama," akasema.

Juma lililofuata tulikuwa mjini, mtaa wa Mkomani, katika zile nyumba za mawe ambazo UNESCO iliziandika urithi wa dunia mwaka 2001. Huko ndiko swali la nne liliponitoa jasho: "Nani mkuu wa kaya?" Kwanza, ukisema kaya hapa pwani mtu anakumbuka misitu mitakatifu ya Wamijikenda kule Kilifi na Kwale. Kwa hivyo nikamgeuzia bibi kwa maneno yangu: "Nani mwenye nyumba hii?"

"Mimi."

"Mkubwa wa nyumba, bibi. Wa kusema na kusikizwa."

"Si nimekwambia, mimi. Nyumba hii alinipa babangu nilipoolewa. Bwana alikuja na sanduku lake la nguo."

Nikatafsiri. Yule bwana wa Kizungu akauliza kwa upole bibi amefiwa lini na mume wake. Kabla sijaligeuza swali, kutoka chumba cha ndani kikasikika kikohozi, kisha sauti ikaagiza maji ya kunywa. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Kwenye fomu palikuwa na sehemu mbili tu za kutia alama: mkuu wa kaya mwanamume, au mwanamke aliyeachwa au kufiwa. Mwanamke mwenye mume na mwenye nyumba hakuwa na mahali pake. Tulimtia kwa mume.

Jambo lenyewe si la ajabu kwetu. Waungwana wa Amu walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, au sehemu ya nyumba, au wakajenga orofa juu ya ile ya wazazi. Ndiyo maana vijia vya Mkomani vina madaraja yanayopita juu ya vichwa vya watu kutoka nyumba hadi nyumba. Bwana harusi ndiye anayehamia. Na kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake hata akiwa ndani ya ndoa. Baadaye nilipokuja kusoma kwamba huko Uingereza mwanamke aliyeolewa alianza kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe kwa sheria ya mwaka 1882, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Miaka 13 baada ya sheria hiyo, mwaka 1895, Waingereza walitangaza himaya yao juu yetu, na tangu hapo tunafundishwa nao namna ya kumheshimu mwanamke.

Lakini nisiuze sera. Nyumba hizo hizo za mawe zilijengwa kwa jasho la watumwa, na bibi wa nyumba alikuwa na vijakazi ambao hawakuwa wamiliki hata wa miili yao. Utumwa ulikomeshwa kisheria hapa mwaka 1907. Mama wa Matondoni hakuwahi kupewa nyumba ya mawe na mtu. Nikisikia mtu anasimulia kwamba wanawake wa Amu walikuwa malkia wote mpaka alipofika mkoloni, huwa najiuliza nyanya yake alikuwa upande gani wa mlango. Hata huo mfumo dume wetu hatukuletewa wote melini.

Mradi wenyewe ulikuja mwaka uliofuata, na hapo nikapandishwa cheo nikawa "mhamasishaji". Tulianza na warsha ya siku tatu katika hoteli moja ya ufukweni. Wanawake 30 walialikwa kufika saa tatu asubuhi, saa ambayo hakuna mwanamke wa Amu mwenye nafasi. Walifika saa nne na nusu, na ripoti ikaandika kuwa ushirikishwaji ulicheleweshwa na mila. Walipewa soda, daftari, na nauli. Wengine walitoka nyumba ya tatu kutoka hotelini, lakini nauli ilikuwa nauli.

Ubaoni nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene maneno niliyoyatafsiri usiku kucha: *walengwa*, *uwezeshaji*, *wafadhili*. Nilijivunia Kiswahili changu. Mama mmoja mnene, muuza samaki wa kukaanga, ambaye ni shangazi yangu kwa upande wa baba, akainua mkono.

"Mwalimu," akaniita, kwa kejeli, maana ananijua tangu ninanyonya. "Walengwa ndio sisi?"

"Ndio, shangazi."

"Anayelenga ana nini mkononi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkufunzi akataka kujua kilichochekesha. Nilimwambia wamefurahi. Shangazi hakuwa amemaliza. "Na huko kuwezeshwa, mwalimu. Kwani tulikuwa hatuwezi?"

Hilo la pili halikuchekesha sana. Nilibaki na kalamu mkononi. Lugha yetu haifichi: ukiongeza hicho kiambishi cha -esh- unasema mtu hawezi mpaka mwingine amfanye aweze. Hata neno mfadhili lina deni ndani yake, kwa sababu ni mtu anayekutendea fadhila, na fadhila hurudishwa, ama kwa shukrani, ama kwa kunyamaza pale ungesema. Siku zile tatu wanawake walinyamaza kwa adabu kuhusu mambo mengi. Walijua kwamba chakula cha mwenzio ukikisema chumvi imezidi, hualikwi tena.

Mradi ulikuwa wa vikapu. Mikeka, tuliambiwa, haina soko Ulaya kwa kuwa ni mikubwa mno, bora isukwe mifuko ya mkononi. Mimi sikuona ubaya, na akina mama hawakuuona. Ukili ni ukili. Shida ilianza na rangi. Wasusi wetu wanapenda rangi za dukani, ile zambarau inayokupiga usoni, kijani, machungwa. Ndizo zinazoonekana harusini usiku. Mtaalamu aliyeletwa alisema wateja wanataka rangi za asili, zinazoonyesha "Afrika halisi". Wakafundishwa kuchemsha magome na mizizi. Mkeka ulitoka na rangi ya udongo. Mama wa Matondoni aliugeuza upande huu na huu, akasema unafaa kwa matanga.

Kisha likaja suala la vipimo. Nilitumwa na rula. Kila kikapu kiwe na upana wa sentimita 36 na kimo sentimita 30, kikipungua au kuzidi kirudishwe. Nakumbuka yule mama aliichukua rula mkononi mwangu, akaiweka sambamba na mkono wake kutoka kiwiko, akatia alama kwa kucha kwenye ngozi, akanirudishia. "Nishajua," akasema. Vikapu vyake havikurudi. Vya wengine vilirudi vingi, kwa sentimita mbili, kwa sentimita moja na nusu. Mwanamke anayepima kwa mwili wake akiwa na mkono mfupi, dunia yake yote imepungua kidogo kwa kipimo cha mwenzake, wala haijawahi kumdhuru.

Oda ya kwanza ilikuwa vikapu 120 na ililipwa. Ya pili ilikuwa 300. Wanawake walikopa pesa za miyaa, maana mikoma ya karibu haikutosha ikabidi majani yanunuliwe bara na kuvushwa kwa mashua. Walikopa kwenye mchezo wao, ile pesa wanayochanga kila juma na kumpa mmoja kwa zamu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwa ajili ya mkeka. Miezi minne baadaye nikaandikiwa barua pepe. Ufadhili ulikuwa umefikia ukomo wake, mnunuzi amebadili mpango, shirika linawashukuru sana washirika wake wa mashinani. Mimi ndiye niliyepanda mashua kwenda Matondoni kuisoma barua ile. Niligeuza kila neno, kwa uaminifu ule ule. Vikapu 212 vya rangi ya udongo vilikaa ukumbini kwa mama yangu hadi panya wakaanza kuvifanya makazi, na mchezo ule wa Matondoni ulivunjika. Hakuna aliyenitukana. Watu walianza tu kunisalimia kwa mkato.

Ndipo nilipokwenda kusoma. Nilijiandikisha Mombasa kwa diploma ya maendeleo ya jamii, nikisema moyoni nitatafuta ni wapi nilipokosea. Sikutegemea kukuta kwamba kosa langu lilikuwa na umri mkubwa kuliko mama yangu.

Mwalimu mmoja alitusomesha kuhusu Ester Boserup, mchumi wa Denmark, ambaye mwaka 1970 alionyesha kwamba watawala wa kikoloni walipofika Afrika waliwakuta wanawake wakilima, lakini walipopeleka mbegu, mafunzo na mazao ya biashara waliwapa wanaume, kwa kuwa kwao mkulima ni mwanamume. Nikakumbuka swali la tisa. Akatueleza kwamba chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, kikiongozwa mwanzoni na wanawake wa Kizungu, na masomo yake yalikuwa kushona, kupika, usafi na malezi. Mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa kwa sababu ya Mau Mau, na katika miaka iliyofuata wanawake wengi wa Kikuyu walichimbishwa mahandaki kwa lazima kuzunguka vijiji walivyohamishiwa. Kushona mchana mmoja, kuchimba handaki mchana mwingine. Chama chenyewe baadaye kikawa cha Wakenya na kikaenda njia yake, hiyo ni hadithi nyingine.

Kuna somo lililonikaa zaidi. Chandra Talpade Mohanty, msomi mzaliwa wa India, aliandika mwaka 1984 kwamba maandiko mengi ya Magharibi yanamchora mwanamke wa Dunia ya Tatu kama mtu mmoja tu: maskini, hajasoma, amefungwa na mila, anangoja kuokolewa. Akichorwa hivyo, yule anayemchora anatoka kwenye picha akiwa huru na mwenye maendeleo. Darasa lilijadili kwa hamu, vijana wakalaumu Wazungu, kengele ikalia. Mimi nilikuwa nikimfikiria mkalimani. Hiyo picha haichorwi na mtu mmoja. Kuna msichana wa Langoni mwenye buibui na kalamu tatu.

Na wala si kwamba wanawake wa nchi zetu walikuwa wamenyamaza. Julai 1985, mwaka niliozaliwa, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa kufunga muongo wa wanawake ulifanyika Nairobi, na pembeni yake wanawake kutoka Asia, Afrika, Karibi na Amerika Kusini, waliokuwa wameunda mtandao wa DAWN mwaka mmoja kabla, walileta hoja yao: shida si kwamba mwanamke ameachwa nje ya maendeleo, shida ni hayo maendeleo anayoingizwa. Miaka minne baadaye, kwa masharti ya wakopeshaji, hospitali za serikali ya Kenya zikaanza kutoza ada. Mama yangu huikumbuka kwa namna yake: ndio mwaka tulioanza kuwauguza wagonjwa nyumbani. "Tulioanza" akimaanisha yeye na dada zake.

Huko kuhesabiwa nako kuna historia pwani. Mwaka 1913, bara ya Malindi, afisa Arthur Champion alitumwa kwa Wagiriama akitaka kodi ya vibanda na vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kila kibanda kina bei, kila kijana ana nambari. Mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kulisha watu kiapo wasikubali. Alikamatwa akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka akarudi. Nilipokuwa mdogo nilisomeshwa habari zake kama habari za ushujaa wa vita. Siku hizi ninachokiona kwanza ni mwanamke aliyeelewa hesabu ile ni ya nini.

Nilirudi Amu mwaka 2012, na mji haukuwa na mazungumzo mengine ila bandari. Mwezi Machi mwaka huo Rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walikuja kuzindua mpango wa LAPSSET: gati 32, reli, bomba la mafuta. Mikutano ikafuatana, nami nikaitwa tena kutafsiri, safari hii kati ya Kiswahili cha wazee na Kiingereza cha wahandisi.

Katika baraza moja, wanaume walikaa viti vya mbele, wanawake nyuma kwenye majamvi. Habari ilikuwa ya wavuvi: nani ataumizwa na kuchimbwa kwa mlango wa bahari, nani atalipwa. Mgeni akaeleza kwamba wataandikisha wenye vyombo na wenye leseni. Shangazi yangu, yule yule, akasimama. Yeye hajawahi kukanyaga mashua kwa uvuvi. Hungoja jahazi ufukweni, hununua kwa mkopo, hukaanga, huuza, jioni humlipa nahodha. Nahodha asipopata samaki, karai lake linakaa kavu.

"Na mwenye karai?" akauliza.

Mgeni akanitazama nimtafsirie. Na hapo nakiri nilisita, kwa sababu kwa Kiingereza karai ni karai, chombo cha kupikia, na swali lingesikika la kipuuzi. Safari hii sikugeuza neno kwa neno. Nilisema kwa Kiingereza: huyu mama ni sehemu ya uvuvi, anafanya biashara ya samaki kwa miaka 26, anategemea wanayovua hawa, na anauliza jina lake litaandikwa katika daftari gani. Nikaongeza, bila kutumwa na mtu, kwamba kule Pate na Kizingitini kuna wanawake wanaoshuka mwambani maji yakitoka, wakatafuta pweza kwa kijiti, na hao hawana chombo wala leseni.

"Mbona maneno yamekuwa mengi?" akanong'ona mzee mmoja wa mbele. "Yeye kauliza karai tu."

Mgeni alisema jambo hilo litaangaliwa. Sijui shangazi alilisubiri kwa muda gani. Wavuvi wenyewe walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Siku ile tulipiga vigelegele, na shangazi alipiga kuliko wote. Alikaanga samaki wa bure kwa watoto wa mtaa. Pesa zenyewe zilikuja kuwa na hadithi ndefu ya rufaa na mapatano, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 kabla ya wengi kuona senti.

Siku hizi bado nafanya kazi hiyo hiyo, sijaiacha. Watoto wanakula kwayo, na kusema kweli si kila aliyekuja na fomu alikuwa mbaya. Kisima cha kijiji kimoja cha Pate kipo mpaka leo. Nikipewa dodoso naomba siku mbili za kulipitia kabla. Swali la kazi nimelifuta kabisa. Nauliza, "Jana tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini?" na hapo ndipo karatasi inapokosa nafasi. Waajiri wengine hulalamika kwamba majibu yangu ni marefu, hayaingii kwenye kompyuta. Mmoja aliacha kunipigia simu.

Mwaka juzi, nikitafuta kitu kingine mtandaoni, nikakutana na ripoti ya lile shirika la kwanza. Ukurasa wa 14 alikuwepo mama wa Matondoni, miguu kainyoosha, ukili gotini. Niliichapisha ile picha nikampelekea. Amezeeka, macho yamepungua nuru, lakini hajaacha kusuka. Siku hizi anashona tu, ukili husukwa na mjukuu. Alinipokea vizuri. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza, akataka nimsomee. Nilifikiri kumdanganya. Kisha nikamsomea kama yalivyo: mwanamke asiye na kipato, kisiwa cha Lamu.

Hakukasirika. Aliisogeza karatasi karibu na jicho lake la kulia, akaiinamisha kuelekea mlangoni penye mwangaza, akaitazama muda mrefu, nami nikadhani anautazama uso wake wa ujana.

"Mkeka huu," akasema, kidole kikiwa chini ya miguu yake kwenye picha. "Ule wa zambarau. Huu nilimuuzia mke wa nahodha wa Shela Ijumaa ya juma lile mlilokuja. Shilingi 1,800. Alitaka anipe 1,500, nikamwambia nenda kautafute kwengine."